Muziki Dukani kwa Ruhusa: Namna ya Kuchagua Huduma Halali kwa Biashara Yako

Ingia saluni, mgahawa, duka la nguo, gym au hoteli ya wageni katika mji wowote wa Kenya au Tanzania, utakuta muziki unapigwa. Mara nyingi unatoka kwenye simu ya mwenye biashara, au ya mfanyakazi aliye zamu, iliyounganishwa na spika kwa bluututhi. Anayelipia Spotify, Apple Music au Boomplay kila mwezi hujiona yuko salama. Asiyelipa hufungua YouTube na kuvumilia matangazo. Wengine bado wana flashi iliyojazwa nyimbo kibandani kwa shilingi chache.

Kisheria wote hao wamesimama mahali pamoja: hakuna aliyepewa ruhusa ya kuwapigia wateja muziki huo. Aliyelipa amelipia kusikiliza yeye mwenyewe, basi. Makala haya yanamlenga mfanyabiashara anayetaka kutoka hapo, anayependa muziki mzuri dukani kwake, asiyetaka kuvutana na mkaguzi, na asiye na fedha za kutupa kwa huduma ambayo haimkingi. Ushauri wote unasimama juu ya jambo moja: jua kwanza sheria ya nchi yako inadai ruhusa gani, ndipo uchague huduma. Wengi huanza na huduma, na matokeo yake hulipa mara mbili au hulipa bure.

Akaunti ya nyumbani haifai dukani

Spotify ilifunguliwa rasmi Kenya, Tanzania na Uganda mwaka 2021. Masharti yake yanasema wazi kwamba akaunti ni ya matumizi binafsi yasiyo ya kibiashara, na kampuni yenyewe huwaeleza wateja wake kwamba haipaswi kupigwa hadharani katika sehemu kama baa, mikahawa na maduka. Apple Music na YouTube wana sharti la namna hiyo hiyo. Kutoka daraja la bure kwenda la kulipia kunaondoa matangazo na kuongeza ubora wa sauti, lakini sharti hilo linabaki palepale. Ukilipa nauli ya daladala umepata kiti. Hukupata haki ya kubeba abiria.

Kuna jambo ambalo hata wafanyabiashara waangalifu hulisahau. Mtu anaweza kuwa amelipia leseni ya muziki kwa chama cha wasanii, stika iko ukutani, na bado anatumia akaunti yake binafsi kuwapigia wateja. Kwa wasanii hana deni, ila kwa kampuni ya huduma amevunja mkataba alioukubali siku alipobonyeza kitufe cha kujiunga. Akaunti inaweza kufungwa wakati wowote, ikaondoka pamoja na orodha zote za nyimbo alizozikusanya. Ruhusa ya kupiga muziki hadharani ni kitu kimoja, na ruhusa ya kutumia huduma fulani kibiashara ni kitu kingine. Unazihitaji zote mbili.

Wimbo mmoja, wenyewe watatu

Wimbo uliorekodiwa hubeba haki za makundi matatu. Kwanza yuko mtunzi wa maneno na melodi. Pili yuko mzalishaji, yaani mtu au kampuni iliyogharamia rekodi. Tatu wako waimbaji na wapiga ala waliotumbuiza. Haki za mtunzi ndizo hakimiliki zenyewe. Za makundi mawili yanayobaki huitwa hakishiriki. Ukimlipa mmoja, deni la wengine halijafutika.

Kwa Kenya makundi hayo yamekuwa na vyama vyake: MCSK kwa watunzi, KAMP kwa wazalishaji wa rekodi, na PRISK kwa wasanii watumbuizaji. Juu yao iko Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ambayo ndiyo huvipa vyama leseni ya kukusanya mirabaha. Leseni hiyo hutolewa kwa muda, na inaweza kunyimwa. Mwaka 2017 KECOBO iliinyima MCSK leseni na kukipa chama kingine, MPAKE, kazi ya kukusanya. Migogoro ya namna hiyo imekuwa ikirudi tangu hapo, mingine ikafika mahakamani. Kwa mwenye duka, funzo ni jepesi: kila mwaka kabla ya kulipa, uliza KECOBO ni chama kipi kina leseni hai. Jina lililo kwenye risiti ya mwaka juzi si ushahidi.

Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, iliyoanzisha COSOTA. Kwa miaka mingi COSOTA ndiyo iliyokusanya mirabaha moja kwa moja. Baada ya marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 imekuwa Ofisi ya Hakimiliki, yaani msimamizi, na ukusanyaji umeelekezwa kwa kampuni za kukusanya na kugawa mirabaha zinazopewa leseni na ofisi hiyo; kwa upande wa muziki iko TAMRISO. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 na ofisi yake, COSOZA. Kwa hiyo mwenye hoteli Paje, Zanzibar, na mgahawa Mikocheni, Bara, ana milango miwili ya kubisha, na leseni ya upande mmoja haivuki bahari. Uganda utaulizia UPRS, Rwanda RSAU.

Ukizungumza na wafanyabiashara kuhusu leseni hizi utasikia hoja kadhaa. Tuzijibu moja moja.

"Mimi napiga za Marekani tu." Kenya ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1993, Tanzania 1994. Nchi wanachama hulinda kazi za wageni kama zinavyolinda za wenyeji, na vyama vya nchi mbalimbali huwakilishana kwa mikataba. Wimbo wa Beyoncé ukipigwa Kisumu unadaiwa Kisumu.

"Mimi nafungulia redio tu." Kituo cha redio kimelipia kurusha matangazo. Wewe unapoyafikisha kwa wateja wako kwa spika unafanya tendo la pili, na tendo hilo lina leseni yake. Televisheni ya baa nayo ni hivyo hivyo.

"Ni nyimbo za zamani." Kenya na Tanzania, hakimiliki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Rekodi ina muda wake wa pekee. Siti binti Saad alifariki mwaka 1950, lakini utungo wake ukirekodiwa upya na kikundi cha leo, rekodi hiyo ina wenyewe walio hai.

"Ni za injili," au "ni kaswida." Sheria haiangalii maudhui. Mtunzi wa wimbo wa dini naye ana ada ya shule ya kulipa.

"Duka langu ni dogo." Hoja hii huenda imetoka Marekani. Sheria yao ya mwaka 1998 inawasamehe wenye maduka ya chini ya futi za mraba 2,000, na sehemu za chakula za chini ya futi 3,750, lakini kwa redio na televisheni peke yake. Msamaha huo ni wa kwao. Kwetu udogo wa biashara huonekana kwenye kiwango unachotozwa, maana viwango hupangwa kwa vitu kama aina ya biashara, ukubwa wa eneo, idadi ya viti au vyumba.

Huduma za biashara ni za namna tatu

Ukianza kutafuta huduma zilizotengenezwa kwa ajili ya biashara utakutana na matangazo yanayofanana: nyimbo mamilioni, leseni kamili, lipa kwa mwezi. Nyuma ya maneno hayo kuna mipango mitatu tofauti kabisa.

Namna ya kwanza ni huduma inayobeba kila kitu. Ada ya mwezi inalipia muziki wenyewe pamoja na ruhusa ya kuupiga hadharani. Mpango huu umeenea Marekani, ambako kampuni ya huduma hulipa ASCAP, BMI, SESAC na GMR kwa niaba ya mwenye duka. Ni raha, ila ruhusa hiyo inaishia mpakani. Usidanganyike na rafiki anayekushauri ufungue akaunti kwa anwani ya Texas na kuficha mahali ulipo kwa VPN. Utakuwa unalipia leseni isiyokuhusu, huku ukivunja masharti ya kampuni na sheria ya nchi yako kwa pamoja.

Namna ya pili ni huduma inayokupa muziki wa kutumia kibiashara na kukuachia wewe kulipia ruhusa ya hadharani. Sehemu nyingi nje ya Marekani mpango ndio huu. Uingereza, kwa mfano, mwenye mgahawa anaweza kulipa kampuni ya huduma kila mwezi na bado akatakiwa kuwa na leseni ya PPL PRS, kampuni iliyoundwa na vyama viwili vya huko na kuanza kutoa leseni ya pamoja mwaka 2018. Ukijiunga na huduma ya aina hii Nairobi au Arusha, hesabu yako ina mistari miwili, mmoja wa huduma na mwingine wa chama cha nchini. Soundtrack ya Stockholm na Mood Media, inayomiliki jina la Muzak lililoanza mwaka 1934, ni kati ya majina makubwa ya biashara hii duniani. Kabla ya jambo lolote angalia kama nchi yako imo katika orodha yao, na kwa nchi yako ada inalipia nini.

Namna ya tatu ni huduma yenye muziki wake yenyewe. Kampuni imenunua haki zote kutoka kwa watunzi, wazalishaji na wapiga ala, nawe unailipa hiyo peke yake na kupewa barua ya uthibitisho. Bei yake huwa nafuu. Hasara ni kwamba mteja hatasikia wimbo hata mmoja anaoujua, jambo linalofaa spa na chumba cha kusubiria daktari wa meno kuliko baa ya nyama choma. Hapa pana mtego wa kuuangalia: mtunzi aliyejiunga na chama cha mirabaha huwa amekikabidhi chama haki ya muziki wake kupigwa hadharani, kwa hiyo hawezi tena kuiuza kando. Itake kampuni ithibitishe kwa maandishi kwamba watunzi wake hawamo katika vyama hivyo. Neno "bure" kwenye tovuti za muziki nalo lisikuteke; leseni nyingi za bure hukataza matumizi ya kibiashara, na duka ni biashara.

Maswali ya kumuuliza muuzaji

Ukishajua huduma iko katika kundi gani, andika barua pepe. Usipige simu, unataka majibu utakayoweza kuyaonyesha baadaye. Haya ndiyo ya kuuliza:

Ruhusa yenu inatumika katika nchi yangu? Itajeni kwa jina kwenye mkataba.

Ada inalipia haki za watunzi, wazalishaji na watumbuizaji, au baadhi tu? Zilizobaki nilipe kwa nani?

Akaunti moja ni ya eneo moja au ya matawi yote? Kampuni nyingi hutoza kwa kila eneo, na nyingine huhesabu ukumbi wa chini na baa ya juu kuwa maeneo mawili kwa sababu zinapiga muziki tofauti.

Naruhusiwa kuingiza tangazo langu katikati ya nyimbo, kwa mfano ofa ya Ijumaa?

Ruhusa inafika hadi kwenye simu ya mteja anayesubiri kuunganishwa na mhudumu, na kwenye vyumba vya wageni?

Itakuwaje nikitoza kiingilio, nikiweka DJ au bendi? Huduma za muziki wa nyuma karibu zote hazihusu disko wala shoo. Usiku wa taarab kwenye bustani ya hoteli unadai leseni yake.

Mkataba ni wa mwezi au wa mwaka? Unajiongeza wenyewe? Nikitaka kuacha, nitoe taarifa siku ngapi kabla?

Mnatunza kumbukumbu ya nyimbo zilizopigwa, nami naweza kuipata?

Swali hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Chama kisichojua duka lako limepiga nini hugawa fedha kwa makadirio, na makadirio huwanufaisha wenye majina makubwa redioni. Mwenye mgahawa Tanga anayepiga muziki wa wasanii wa Tanga angependa fedha yake iwafikie wao. Kumbukumbu ya nyimbo ndiyo njia ya kuifikisha huko.

Yapo pia matumizi ambayo hakuna huduma ya dukani itakayokufunika. Ukirekodi video ya mgahawa wako, wimbo ukiwa nyuma, na kuiweka Instagram au TikTok kutangaza biashara, hilo ni jambo jingine. Kuunganisha wimbo na picha kunahitaji ruhusa ya pekee, ndiyo maana TikTok imetenga maktaba maalumu ya muziki kwa akaunti za biashara. Chukua humo, na wimbo wa dukani uache dukani.

Gharama iliyojificha nyuma ya ada

Ada ya mwezi ni sehemu tu ya gharama. Ongeza kodi kwanza. Huduma za kidijitali zinazotoka nje hutozwa VAT, na kiwango cha kawaida ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania. Uliza kama bei uliyoonyeshwa imeijumuisha. Ikiwa bei ni ya dola, kumbuka kwamba shilingi ikishuka ada yako inapanda bila mtu kukutumia taarifa. Uliza pia kama wanapokea fedha za simu, maana kadi ya benki ikikwama siku ya malipo muziki unaweza kunyamaza saa ya chakula cha mchana.

Kisha piga hesabu ya intaneti. Muziki wa ubora wa kilobiti 160 kwa sekunde hutumia takriban MB 72 kwa saa. Duka linalofunguliwa saa 12 kwa siku litatumia karibu MB 860, na kwa siku 30 ni karibu GB 26. Ukishusha ubora hadi kilobiti 96, saa moja ni MB 43 na mwezi mzima ni kama GB 15.5. Katika duka lenye kelele za wateja na feni, tofauti ya ubora huo haisikiki kwa wengi, lakini kwenye bando inaonekana. Mwenye intaneti ya nyaya isiyo na kikomo hana haja ya hesabu hii. Anayetegemea bando la simu anaihitaji kabla ya kujiunga.

Kwa sababu hiyo sifa moja inapaswa kuwa sharti katika mazingira yetu: huduma iweze kuhifadhi nyimbo kwenye kifaa na kuendelea kupiga mtandao ukikatika. Uliza inaweza kukaa bila mtandao kwa muda gani, saa chache au siku kadhaa. Umeme nao una mambo yake. Kompyuta kibao au simu ya zamani yenye betri inayokaa chaji, ikiwa na spika ya kuchaji, itaendelea kupiga taa zikizimika. Amplifaya kubwa haitaweza bila jenereta au inveta. Kifaa hicho kiwe cha duka na kisitumike kwa lolote jingine, la sivyo wateja watasikia milio ya ujumbe wa WhatsApp wa mhudumu.

Pima katalogi kwa nyimbo zako

Kampuni ikisema ina nyimbo milioni kadhaa haijakwambia kitu. La kujua ni kama ina zako. Kaa na wahudumu wako, andikeni nyimbo 30 ambazo wateja huziulizia, kisha zitafuteni moja moja katika kipindi cha majaribio. Changanyeni makusudi: Diamond Platnumz na Zuchu, Sauti Sol na Nyashinski, Les Wanyika na Mlimani Park, Franco na Mbilia Bel, Jahazi Modern Taarab, na waimbaji wa injili wanaopendwa mtaani kwenu. Nyimbo za majina makubwa ya leo utazipata karibu kote. Kipimo cha kweli ni zilipendwa, taarab na benga. Huduma isiyo na hizo inaweza kufaa hoteli ya watalii, lakini mgahawa wa wenyeji utahangaika nayo.

Angalia pia kama programu inaweza kuzuia nyimbo zenye matusi, na kama kizuizi hicho kinaelewa lugha zenu. Vizuizi vingi hutegemea alama iliyowekwa na kampuni ya rekodi. Wimbo wa Kiswahili au Sheng wenye mafumbo ya chumbani unaweza kupita bila alama yoyote, ukakuta umepigwa familia zikiwa mezani na watoto. Orodha iliyopitiwa na mtu anayeelewa lugha hushinda kizuizi chochote cha mashine.

Muziki nao una kazi

Kama unalipia, muziki ufanye kazi. Mwaka 1982 mtafiti wa masoko wa Marekani, Ronald Milliman, alichapisha utafiti alioufanya katika supamaketi. Muziki wa mwendo wa polepole ulipopigwa, wateja walitembea taratibu na mauzo yakawa juu kwa asilimia 38.2 kuliko wakati wa muziki wa kasi. Mwaka 1986 alichapisha mwingine wa mgahawani: muziki wa taratibu uliwafanya wageni wakae zaidi mezani na kutumia zaidi kwenye vinywaji. Uingereza nako, miaka ya 1990, Adrian North na wenzake waliweka mvinyo wa Ufaransa na wa Ujerumani kwenye rafu moja. Siku za muziki wa Kifaransa ulinunuliwa zaidi wa Ufaransa, na siku za muziki wa Kijerumani ukapanda wa Ujerumani.

Usichukue takwimu za Marekani ukazipachika Kariakoo kama zilivyo. Mantiki yake ndiyo ya kuchukua. Mgahawa wa meza nane wenye foleni saa saba mchana haufaidiki mteja akikaa. Saa hiyo unahitaji muziki wa kuchangamka. Jioni, meza zikiwa wazi na kuna juisi na kahawa za kuuza, unahitaji wa taratibu. Kwa hiyo tafuta huduma inayokuwezesha kupanga ratiba ya siku mara moja na kuiacha ijiendeshe yenyewe, tena inayomwezesha meneja kufunga sauti na orodha ili kila zamu isiligeuze duka kuwa sebule yake.

Jaribu kwa ukali

Kampuni nyingi hutoa majaribio ya bure ya wiki moja au zaidi. Yatumie vilivyo. Zima rauta saa ya wateja wengi, uone muziki unaendelea kwa muda gani. Mpe kifaa mhudumu asiyeelekezwa lolote, uone kama ataweza kupunguza sauti na kuruka wimbo. Andikia kitengo cha msaada Jumamosi jioni, upime wanajibu lini. Hesabu mara ngapi wimbo uleule umerudi katika siku moja. Mteja hakai muda wa kuuchoka, lakini wafanyakazi wako wako pale saa 12, na mfanyakazi aliyechoshwa na orodha ndiye huchomoa waya na kuunganisha simu yake. Hapo leseni yako yote imekwenda na maji.

Mkaguzi akibisha hodi

Mali bila daftari hupotea bila habari, na ndivyo ilivyo kwa leseni. Fungua jalada moja liwe na mkataba wa huduma, barua inayotaja nchi na anwani ya biashara yako, risiti za malipo, na leseni ya chama cha mirabaha ya mwaka huu. Nakala ziwepo kila tawi, kwa sababu mkaguzi huja siku ambayo bosi hayupo.

Akija, mwombe kwa heshima kitambulisho na barua ya kazi, kisha piga simu ofisi ya KECOBO, COSOTA au COSOZA kuthibitisha kwamba anayemtuma ana leseni ya kukusanya. Usilipe fedha taslimu mlangoni, wala usitume kwenye namba ya simu ya mtu binafsi hata akikupa punguzo. Lipa kwenye akaunti au namba rasmi ya taasisi, upate risiti yenye jina la biashara yako. Kama kiwango unachotozwa kinakuzidi, omba kuona jedwali la viwango lililopitishwa na mahali biashara yako ilipowekwa. Wengi hutozwa kupita kiasi kwa sababu tu fomu ilijazwa na mtu aliyehesabu stoo na jiko kuwa sehemu ya wateja.

Uamuzi

Sasa uchague ipi? Kwa saluni ya viti vitatu, kinyozi au duka la mtaani, jibu langu huenda likawaudhi wauzaji wa huduma: huenda huhitaji huduma yoyote ya mtandaoni. Redio pamoja na leseni ya chama cha nchini ni njia halali, ya bei nafuu, na haina bando la kununua. Fedha utakayookoa ongeza kwenye spika.

Mgahawa, gym au duka la nguo lenye sura yake, linalotaka muziki wa kulitambulisha, lichague huduma ya biashara ya namna ya pili, na ada yake ihesabiwe pamoja na leseni ya chama tangu siku ya kwanza. Spa, kliniki na ofisi ambazo muziki kwao ni wa kutuliza tu, namna ya tatu inazitosha, mradi barua ya uthibitisho iwe mkononi. Mwenye matawi mengi asikubali bei ya kwenye tovuti. Aandike maombi, ataje idadi ya maeneo, na kumtaka muuzaji awasilishe mkataba unaotaja kila nchi.

Na kama leo bado unatumia akaunti yako ya nyumbani, usiahirishe. Kabla mwezi huu haujaisha, nenda ofisi ya hakimiliki ya nchi yako au iandikie, uliza maswali mawili: nani ana leseni ya kukusanya mirabaha ya muziki mwaka huu, na biashara yangu inalipa kiasi gani? Ukiwa na majibu hayo mkononi, muuzaji wa huduma hataweza kukuuzia ruhusa asiyokuwa nayo.